Ala Isiyo Yake

Usiisugue, Merle. Weka chini hicho kitambaa.
Kutu ikitoka, hutoka na maneno.

Isogeze chini ya taa. Pale ubapa wa chuma
unapokutana na mpini, unaona?
Herufi tatu ndogo, halafu 44.
Kiwanda kilichokuwa kikijiandika jina zima,
na jina la mji, na nembo ya ukoo,
vita vilipokolea kilijificha nyuma ya herufi tatu
kama mdeni nyuma ya pazia.

Sasa mpini.
Za zamani zina skrubu. Hii ina ribiti.
Skrubu hukazwa na mtu anayetarajia
kwamba siku moja mpini utafunguliwa,
utasafishwa, utafungwa tena.
Ribiti hugongwa mara moja tu.
Anayegonga ribiti haisubiri kesho.

Pitisha kidole. Si kwenye makali, mgongoni.
Matuta hayo ni meno ya mashine,
hakuna aliyerudi kuyalainisha.
Miaka mitano kabla, mkaguzi angeitupa
kwenye pipa la vyuma chakavu.
Hii aliigonga muhuri, tai mdogo kama kunguni,
akainua macho kuitazama saa.

Nimetengeneza tramu za Wuppertal miaka thelathini na mmoja,
mkono uliochoka naujua nikiuona juu ya chuma.
Huu ulichoka.
Ulikuwa wa nani, sitakudanganya, sijui.
Huko Solingen, juu ya kilima, walikuwepo wasichana
walioletwa kwa mabehewa ya ng'ombe kutoka mashariki,
waliofundishwa shuleni kwao herufi nyingine kabisa.
Katika orodha zetu sisi wakusanyaji
hakuna safu ya kuandika hilo.
Kuna safu ya rangi, ya mbao, ya urefu,
na ya bei.

Nambari: ubapa, 3187. Ala, 6042.
Bwana Bülles wa soko la Jumapili alizisoma kwa lenzi,
akasema, Hazilingani, nakupunguzia arobaini.
Nikalipa. Nikarudi kwa treni
nimezipakata ndani ya gazeti,
nikipiga hesabu ambayo hakuna aliyeniomba:
basi 6042 iko mahali, uchi,
na ala ya 3187 ilibaki tupu
kiunoni mwa mtu, au mtaroni, au chini ya viazi.
Panga mbili hazikai ala moja, sawa.
Ala hii imezipokea mbili, kwa zamu,
na haijamwambia mtu.

Unaniuliza kwa nini ninazo kumi na tisa.
Mama yako naye huuliza, kwa sauti nyingine.

Baba yangu alirudi Juni ile kwa miguu,
na mkanda, na ala, bila singe.
Bibi yako mkubwa hakuuliza iko wapi.
Aliitundika ala nyuma ya mlango wa jikoni
akatia humo sindano zake za kufumia.
Soksi zangu zote za utotoni
zilitoka katika ala ile.
Tulipohama mwaka wa sitini na moja ilitupwa,
na mimi, ambaye leo nasoma nambari
hata kwenye vifuniko vya maji taka,
sikuwahi kuisoma ile.

Kwa hiyo yoyote kati ya hizi yaweza kuwa yake.
Nazigeuza usiku. Naangalia ribiti.

Kama alimchoma mtu?
Alikuwa akisema walifungulia makopo ya nyama nazo.
Alisema hivyo mara nyingi mno.

Tone moja la mafuta, Merle. Nimesema moja.
Andika daftarini: 44, ribiti, haijalainishwa.
Kwenye safu ya mwisho andika hazilingani,
kisha irudishe. Polepole.
Sikia,
inaingia kama ya kwake.